Maswali ya Wasomaji: Mlipe Fundi kwa Kutazama

Katika toleo lililopita tulieleza namna ya kukagua gari la mtumba kabla ya kulinunua, kisha tukawaomba wasomaji watuandikie yanayowapata gereji hapa Uganda. Barua zimekuja nyingi kuliko nafasi tuliyonayo, na karibu zote ni za malalamiko. Tumechagua tano, na ya sita imetoka kwa fundi mwenyewe. Majina ya waandishi na ya gereji hatukuyataja.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Jinja, na nina Toyota Premio ya mwaka 2004 yenye injini ya sisi 1,500. Mwezi uliopita niliipeleka gereji kubadilishiwa oili tu. Nikiwa nimeketi kwenye benchi nasubiri, fundi aliniita, akanionyesha kipande cha mkanda wa mpira uliochanikachanika, akaniambia kwamba mkanda wa taimingi umeisha na ukikatika njiani injini yote itaharibika. Kazi hiyo, alisema, ni shilingi 1,350,000. Niliingiwa na hofu, nikampa shilingi 500,000 zilizokuwa za karo ya mtoto. Sasa binamu yangu anasema nimedanganywa. Nitajuaje ukweli, mimi nisiyejua hata kufungua boneti?

JIBU: Mwalimu, binamu yako amesema kweli. Premio za umbo la gari lako, zilizoanza kutengenezwa mwishoni mwa mwaka 2001, hazina mkanda wa taimingi, ule unaoziendesha vali za injini zifunguke na kufungwa kwa wakati wake. Injini yako ya sisi 1,500 huitwa 1NZ-FE, nayo hutumia cheni ya chuma iliyofunikwa ndani ya injini na kulainishwa na oili ileile uliyokwenda kubadilishiwa. Cheni hiyo haibadilishwi kwa kalenda. Huchunguzwa pale inapoanza kutoa mchakacho, hasa injini inapowashwa asubuhi ikiwa baridi. Mkanda wa mpira unaoonekana ukifungua boneti ni ule wa nje, unaozungusha alteneta (mashine inayochaji betri) na pampu ya maji. Huo nao huchakaa na hufaa kubadilishwa, lakini ni kazi ndogo ambayo bei yake haikaribii kabisa hiyo uliyotajiwa.

Ningependa kumtetea fundi huyo kwa kusema kwamba huenda hakujua. Wapo mafundi waliojifunzia kazi kwenye Corona Premio za miaka ya 1990, ambazo kweli zilikuwa na mkanda, na wanadhani kila kilichoandikwa Premio ni kilekile. Lakini kipande cha mkanda alikuwa nacho tayari mkononi, na hapo ndipo utetezi wangu unapokwama, kwa sababu mkanda wa taimingi hauonekani mpaka vifuniko vya mbele ya injini vifunguliwe, na injini yako haina hata huo mkanda wa kufunguliwa.

Kwa faida ya wasomaji wengine, niseme kwamba si kila anayetajiwa mkanda wa taimingi anaibiwa. Subaru Forester za zamani zenye injini ya EJ20 zinao, na Toyota Hiace za dizeli zenye injini ya 5L zinao pia. Kwa kawaida hubadilishwa kila gari linapotembea kama kilomita 100,000, na katika injini hizo mkanda ukikatika pistoni hugonga vali, hasara ikawa kubwa kweli. Kwa hiyo cha kwanza ni kuijua injini yako. Fungua boneti utafute kibati chenye namba ya chasisi na aina ya injini, au tazama namba ya injini kwenye logibuku, ambayo kwa Toyota huanza na herufi na tarakimu za aina yake, kama 1NZ, 1ZZ au 3S. Ziandike kwenye simu. Magari mengi yaliyotoka Japani huja pia na vibandiko vya Kijapani, kimoja pembeni ya mlango wa dereva kinachoonyesha oili ilibadilishwa lini na kwenye kilomita ngapi, na kingine chini ya boneti kwa magari yaliyobadilishiwa mkanda. Watu wetu huvibandua kwa sababu hawavisomi, ilhali siku hizi simu inaweza kukutafsiria maandishi hayo kwa kamera.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nadhani ndilo mzizi wa barua yako na za wenzako wengi. Hapa kwetu fundi halipwi kwa kulitazama gari. Ukimpelekea gari linalotoa mlio, akalitazama nusu saa, akakuambia kwamba ni kipande cha plastiki kilicholegea, utamshukuru, utampa elfu tano ya soda, utaondoka. Akikuambia kwamba ni shafti, atapata malipo ya ufundi na kitu kidogo kutoka kwa mwenye duka la vipuri. Yaani tumepanga mambo kwa namna ambayo ukweli haumlishi fundi na ubovu ndio unaomlisha, kisha tunashangaa ubovu unapozidi.

Kwa hiyo, Mwalimu, siku nyingine mwambie kabla hajagusa spana: "Fundi, leo nakulipa uchunguzi peke yake. Niambie bei yako ya kutazama, uniandikie ulichokiona, kisha nitaondoka na gari." Mlipe vizuri, maana hiyo ni kazi. Akikataa, umejifunza jambo kwa bei nafuu. Akikubali, chukua karatasi yake nyumbani, halafu nenda gereji ya pili ukalipie uchunguzi mwingine bila kueleza fundi wa kwanza alisema nini. Hilo la mwisho watu wengi hulikosea: hufika kwa fundi wa pili na kuuliza kama ni kweli mkanda umeisha, naye, ama kwa kuogopa kumwaibisha mwenzake ama kwa kuiona biashara imekuja yenyewe, huitikia. Wewe eleza dalili tu: inalia wapi, lini, ikiwa baridi au moto, ukikanyaga breki au ukikata kona.

Utaniuliza, na kama kweli ni hatari? Yapo mambo yasiyongoja maoni ya pili, nayo ni machache: breki inayozama hadi chini, usukani uliolegea, taa nyekundu ya oili inayowaka injini ikiwa inanguruma, na injini inayochemsha. Kwa hayo usiendeshe gari hata hatua moja. Lakini hata hapo, fundi wa pili anaweza kuja kwa boda boda mahali gari lilipo. Kuhusu shilingi 500,000 zako, soma jibu la mwandishi wa tano.

SWALI: Taa ya injini imewaka kwenye dashibodi ya gari langu. Fundi mmoja hapa Mbale alichomeka kompyuta, akasema ni sensa ya oksijeni. Nilinunua, taa ikazimika siku tatu, ikarudi. Akasema ni ya pili. Nilinunua, imerudi tena. Kompyuta inaweza kudanganya?

JIBU: Ndugu yangu, kompyuta haikudanganya, ila ilisomwa nusu. Inachotoa ni namba ya hitilafu, na namba hiyo inakuambia pa kuanzia kutafuta; haikutajii kipuri cha kununua. Mfano unaotokea sana ni P0171, ambayo maana yake ni kwamba mchanganyiko unaoingia kwenye injini una hewa nyingi kuliko petroli inavyostahili. Chanzo kinaweza kuwa mpira wa hewa uliopasuka, sensa ya kupima hewa iliyojaa vumbi (ambayo mara nyingi husafishwa kwa dawa yake na kurudishwa), chujio la petroli lililoziba, au pampu iliyochoka. Sensa ya oksijeni, inayopima moshi unaotoka kwenye injini, ndiyo iliyotoa taarifa kwamba mambo si sawa. Kuing'oa na kuweka nyingine ni kama kumfukuza askari wa usiku kwa kosa la kupuliza filimbi.

Ile siku tatu ya taa kuzimika isikudanganye. Fundi akifuta kumbukumbu ya hitilafu kwa mashine, au akichomoa tu waya wa betri kwa muda, taa huzimika, kisha gari likishatembea vya kutosha kompyuta hulibaini tatizo lilelile upya. Kwa hiyo, kabla ya kumruhusu mtu afute chochote, omba uione namba yenyewe na uipige picha. Halafu muulize swali moja: "Umepimaje ukajua ni sensa na si kitu kingine?" Anayejua kazi atakuonyesha kipimo, anayebahatisha atakutajia bei. Vipo pia vifaa vidogo vya kuchomeka chini ya usukani vinavyosomwa kwa simu, bei yake ni ndogo, ingawa baadhi ya magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani hayaelewani navyo, hivyo azima kwanza cha rafiki ujaribu.

SWALI: Mimi ni mfanyabiashara wa Busia, umri umekwenda, na nina Hiace moja ya kubeba abiria. Dereva wangu kila wiki ananiletea risiti za fundi. Katika miezi minne nimelipia pedi za breki za mbele mara tatu, klachi mara moja, na bushi nisizozihesabu. Nikiuliza, wananiambia barabara ni mbaya. Kijana wangu anataka nimfukuze dereva. Ninyi mnasemaje?

JIBU: Mzee wetu, shikamoo. Tusimfukuze mtu kabla hatujaona pedi.

Pedi mpya ya breki huwa na unene wa takriban milimita 10 hadi 12, na hubadilishwa ikifikia kama milimita 3. Taksi iliyojaa, inayosimama kila kituo, huzila haraka kuliko gari la nyumbani, hilo ni kweli, na mwanao hana budi kulikubali. Lakini mara tatu kwa miezi minne kuna maelezo ya aina tatu tu. La kwanza, pedi zinazonunuliwa ni za bandia, laini kama ubao. La pili, pistoni ya breki imekwama na pedi inasugua diski wakati wote, na hapo gurudumu moja litakuwa moto kuliko jingine gari likisimama, na pedi za upande mmoja zitakuwa zimeisha kabla ya za upande wa pili. Fundi anayebadilisha pedi mara tatu bila kuliona hilo, hata kama ni mwaminifu, hakufai. La tatu ni kwamba pedi hazikubadilishwa.

Namna ya kuyatenganisha ni rahisi: kuanzia leo, hakuna kipuri kinacholipwa kabla kile cha zamani hakijafika mbele yako. Weka ndoo nyuma ya duka, kila kilichofunguliwa kiingie humo kikiwa na tarehe na kilomita zilizosomeka kwenye dashibodi siku hiyo. Jambo dogo, lakini lina nguvu kuliko maneno yote ya kugombana, kwa sababu anayetaka kukuuzia pedi hewa atalazimika kwanza kutafuta pedi chakavu za Hiace, na wiki ijayo nyingine. Ukipata nafasi, kikwaruze kipuri kipya kwa msumari mahali pasipodhuru kabla hakijafungwa, ili siku ukiambiwa kimebadilishwa ujue unachokitazama ni kipi.

Kuhusu risiti, nakuomba usiziamini kwa kuwa zina mhuri. Vitabu vya risiti tupu huuzwa kama madaftari, na si siri kwamba kuna wauzaji wanaomwuliza fundi, "Niandike ngapi?" Ukiagiza Kampala, iwe soko la Kisekka karibu na Nakivubo au maduka ya Ndeeba, mpigie muuzaji wewe mwenyewe, mpe namba ya chasisi ili akutafutie kipuri cha gari lako na si cha linalofanana nalo, kisha tuma pesa kwake moja kwa moja kwa simu, si kupitia kwa dereva. Muuzaji aliyesajiliwa kwa VAT anatakiwa kutoa risiti ya EFRIS, ile ya kielektroniki ya mamlaka ya mapato ya URA, ambayo namba yake unaweza kuihakiki kwenye mtandao. Maduka mengi madogo hayamo katika mpango huo, na si wezi kwa sababu hiyo. Basi angalau pata bei kutoka kwa maduka mawili.

Nikuonye jambo moja, Mzee. Ukinunua vipuri mwenyewe, fundi aliyekuwa akila kwenye vipuri atapandisha bei ya ufundi. Mwachie apandishe. Shilingi 80,000 za ufundi unazoziona ni bora kuliko 30,000 za ufundi zilizofunika 100,000 usizoziona. Kuhusu dereva, ngoja miezi miwili ndoo ikujibu.

SWALI: Gari haliwaki asubuhi. Fundi anasema alteneta imekufa, jirani anasema betri. Nimsikilize nani? Msomaji, Gulu.

JIBU: Sikiliza mita. Karibu kila fundi wa umeme anayo. Gari likiwa limelala usiku mzima bila kuwashwa, betri nzima iliyojaa husoma kama volti 12.6; ikisoma 12 au chini, haina chaji. Mkiliwasha kwa kuazima betri ya jirani, pimeni tena injini ikinguruma: ikisoma kati ya 13.5 na 14.5 alteneta inachaji, usiinunue. Ikiwa inachaji na bado asubuhi betri iko chini, basi ama betri imezeeka ama kuna kitu kinachofyonza umeme usiku, kama redio iliyounganishwa vibaya au taa ya buti isiyozimika. Kabla ya yote hayo safisheni vichwa vya betri na kukaza waya. Nimeona alteneta mbili zikinunuliwa kwa sababu ya kutu.

SWALI: Niliacha gari langu gereji moja hapa Kampala siku nne kwa kazi ya shokamzoba. Nilipolichukua, kilomita zilikuwa zimeongezeka kama 160, petroli imekwisha, na wiki moja baadaye fundi mwingine akaniambia alteneta iliyomo ni kuukuu na si ya gari hilo. Wa kwanza amekana. Nina haki gani?

JIBU: Haki unayo; shida yako itakuwa ushahidi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 inamtaka mtoa huduma aifanye kazi kwa uangalifu na ustadi unaofaa, na gereji iko chini yake kama kinyozi na fundi cherehani. Kama dai lako halizidi shilingi 10,000,000, unaweza kutumia utaratibu wa madai madogo, ulioanzishwa kwa kanuni za mwaka 2011, ambao huendeshwa katika mahakama za mahakimu na ambamo unajieleza mwenyewe bila wakili. Huanza kwa barua ya madai unayompelekea mhusika, ukieleza kiasi na sababu. Akikaa kimya au akikataa, ndipo unakwenda kwa karani wa mahakama. Mwalimu wa Jinja, njia hii ni yako pia, na nadhani dai lako ni jepesi kuliko la huyu, kwa sababu mkanda uliouziwa haupo duniani katika injini ile. Wengi huanzia kwa mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji au mtaa, na si vibaya, kwani gereji nyingi hurudisha pesa ili majirani wasisikie.

Kuhusu wewe, ndugu, nisikufiche: kwa petroli na kilomita, bila picha ya dashibodi ya siku uliyoliacha gari, ni neno lako na lake. Kwa alteneta unaweza kuwa na nguvu zaidi ukimpata fundi wa pili akuandikie alichokiona, ukiwa na picha ya zamani ya injini, au risiti inayoonyesha ile ya awali. Ukiwa na hakika kwamba kifaa kimeibwa, hilo ni jinai, nenda polisi ukafungue shauri. Siku nyingine, kabla hujakabidhi funguo, piga picha nne mbele ya fundi huyo: kilomita, geji ya petroli, injini boneti ikiwa wazi, na buti lenye jeki na tairi la akiba. Mafundi waaminifu hawaudhiki. Mmoja ninayemwendea mimi sasa hunikumbusha nikisahau.

SWALI: Mimi ni fundi, Mbarara, miaka 19 kazini. Kila mwaka magazeti yanaandika jinsi ya kumkwepa fundi mwizi. Hakuna anayeandika kuhusu mteja anayeleta gari linalochemsha na kusema "weka maji tu", anayenunua pedi za bandia kisha akirudi ananitukana mimi, anayetaka nishushe injini kwa shilingi 50,000. Nikimwambia gari lake halina ubovu, hanipi kitu, na anakwenda kusema sijui kazi. Andikeni na hilo.

JIBU: Fundi, tumeliandika, na umelisema vizuri kuliko sisi. Hilo la gari linalochemsha ndilo linalotuuma zaidi, kwa sababu katika barua tulizopokea wapo watatu waliofunguliwa silinda hedi bila mtu kutazama kwanza mfuniko wa rejeta, mipira ya maji, termostati na feni, na bila kipimo cha mgandamizo; na kila mmoja wao amekiri kwamba alikuwa ameendesha wiki nzima akiongeza maji ya chupa, akamkabidhi fundi injini iliyokwisha kuungua na kumwomba aimalize siku hiyohiyo. Katika hali hiyo hata mwaminifu hubahatisha.

Lakini tukuulize nawe. Je, gereji yako ina bei ya uchunguzi iliyoandikwa ukutani, mahali ambapo mteja anaiona kabla hajashuka kwenye gari? Tunaamini kwamba wasomaji wetu wangeilipa, wengi wao kwa furaha, kama wangejua ni kiasi gani na kwamba watapewa karatasi hata ikiwa jibu ni "gari ni zima". Tuandikie unatoza kiasi gani kwa jibu hilo, au ungependa utoze kiasi gani. Tutakichapisha katika toleo lijalo bila kutaja jina lako, na mafundi wengine wa Mbarara, Lira na Fort Portal wanakaribishwa kutaja vyao.